Dakika Ishirini za Hamri

Nimefundisha madarasa ya ubatizo na kipaimara hapa Mombasa kwa miaka mingi, na kila Januari nakutana na Mkristo yule yule. Ameazimia kuamka saa tisa usiku kila siku, kufunga mara mbili kwa wiki, na kuimaliza Biblia nzima kabla ya Desemba. Ikifika Pasaka ameacha vyote, na anaona haya hata kuja ibadani. Bidii alikuwa nayo. Alichokosa ni kiasi.

Neno hilo nimelitoa Wagalatia 5, kwenye tunda la Roho, ambako Biblia yetu inamalizia na "kiasi". Paulo aliandika enkrateia kwa Kigiriki: kujimudu, kuitawala nafsi yako. Napenda Kiswahili kilivyolipokea, maana kiasi ni kipimo pia. Anayejitwisha asichoweza kubeba bado hajajimudu, hata akionekana mcha Mungu kuliko wote.

"Saburi" nayo tunaidhulumu. Wengi wakiisikia wanafikiria kungoja tu, kama abiria wa Likoni anavyoikodolea macho feri iliyo ng'ambo. Lakini hypomone, neno lililoko Warumi 5 na Waebrania 12, limeungwa kwa "chini ya" na "kukaa". Nenda Marikiti asubuhi umtazame hamali mwenye gunia mgongoni. Likimlemea anafupisha hatua, lakini gunia halitui.

Pwani yetu imewahi kuona saburi ya namna hiyo. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika mwaka 1846, akakaa Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa, hadi 1875. Watu humkumbuka kwa kuuona Kilimanjaro mwaka 1848, na kwa kejeli alizopata Ulaya aliposema una theluji. Mimi nakumbuka zaidi miaka iliyofuata: waongofu wachache mno, macho yakififia, naye bado anakusanya maneno ya kamusi, moja baada ya jingine. Aliondoka akiwa kipofu, akafariki mwaka 1876. Kamusi yake ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa ilichapishwa baada ya kifo chake.

Ila aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja wa usharika wetu, muuza mahamri na mbaazi huko Kisauni. Unga anaukanda usiku kwa tui na iliki, anauacha uumuke. Saa kumi alfajiri anausukuma, anaukata, kisha anayafunika mahamri kwa kitambaa yaumuke tena kabla ya kuingia kwenye mafuta. Hapo katikati ana kama dakika ishirini. Anageuza ndoo, anaikalia, anasoma zaburi moja kwa taa ya simu, anaomba akitaja majina: watoto, jirani, na yule mteja asiyelipa deni.

Nilimuuliza kwa nini asiombe kabla ya kuanza kazi, akili ikiwa imetulia. Akanijibu, "Mwalimu, nikisema nitaomba nikipata nafasi, nafasi haiji. Lakini hamri lazima nilingoje."

Tangu siku hiyo nimeacha kuwaagiza wanafunzi wangu watafute muda wa maombi. Nawauliza: ni jambo gani utalifanya kesho hata ukiwa umechoka, hata ukiwa umekasirika? Mmoja akasema kupanga foleni ya maji, mwingine kumsubiri abiria kwenye bodaboda. Basi, shikiza sala hapo, iwe fupi, na usiiongeze kabla mwaka haujaisha.

Mwaka jana mama yule alifiwa na mamake. Jiko lilizimwa siku tisa, na zaburi hazikusomwa. Nilipompitia siku ya kumi niliogopa atakuwa anajilaumu, au anajaribu kusoma tisa kwa mpigo ili alipe. Nilimkuta juu ya ndoo yake, mahamri yamefunikwa, kidole kikiwa kwenye zaburi ile aliyoiachia.