Gramafoni ya kutia ufunguo: dhana potofu na ukweli

Gramafoni nyingi za zamani zinazofika mezani kwa fundi hazikuharibiwa na uzee. Zilikuwa zimekauka tu, kisha mtu mwenye nia njema akapulizia dawa ya kulegezea nati, akasugua kwa msasa na kuzilazimisha zilie. Madhara makubwa huanzia hapo, na nyuma yake huwa kuna dhana moja kati ya hizi.

"Springi imegoma kwa sababu ilikazwa kupita kiasi."

Springi iliyojaa hufika mwisho na hendeli ikakataa kuendelea, basi. Hali hiyo peke yake haifanyi mashine igome. Kinachogomesha ni grisi ya zamani, ambayo kwa miaka mingi hugeuka gundi nyeusi na kushikamanisha mizunguko ya springi. Dalili yake ni kishindo: unatia ufunguo, sahani inayobeba santuri inazunguka, mara unasikia "du!" ndani ya sanduku na santuri inaruka. Huo ni mzunguko mmoja ulionata, umeachia ghafla.

Kama hendeli inazunguka bila uzito wowote, ama springi imekatika, ama tundu la ncha yake ya ndani limechomoka kwenye ndoano ya mhimili. Hilo la pili hutengenezwa kwa koleo dakika chache tu: kunja mzunguko wa ndani kabisa ubane mhimili tena. Iliyokatika karibu na ncha ya nje huweza kupashwa moto hapo mwishoni, ikatobolewa tundu jipya. Iliyokatika katikati ni ya kubadilisha. Usiipeleke kwa mchomeleaji, kwani moto huua ugumu wa chuma na itakatika palepale.

"Ukipulizia mafuta kidogo kwenye mota yake, inatosha."

Dawa ya kupuliza huyeyusha grisi ya juu, ikaipeleka kwenye breki na gavana (kifaa kinachodhibiti mwendo), halafu nayo hukauka na kuacha utando unaonata. Springi haiifikii, maana imefungiwa ndani ya kasha lake. Hakuna njia ya mkato: kasha lazima lifunguliwe.

Hapa ndipo mikono huumia. Springi ni utepe wa chuma wenye urefu wa mita kadhaa, na hata ikiwa imelegea kabisa bado imejikunja kwa nguvu ndani ya kasha. Achia breki kwanza, acha sahani izunguke mpaka isimame yenyewe. Usiifungue gavana springi ikiwa bado imekazwa hata kidogo: gia zitakurupuka kwa kasi na meno yatakwanguka. Vaa glavu za ngozi na miwani, weka kasha ndani ya ndoo au boksi gumu, ukamate mzunguko wa ndani kwa koleo na kuutoa, kisha mmoja baada ya mwingine, huku kiganja kikizuia iliyobaki. Osha kwa mafuta ya taa, pangusa mpaka kitambaa kitoke safi, kagua kama kuna nyufa. Paka Vaseline iliyochanganywa na unga wa grafiti mpaka iwe na rangi ya kijivu cheusi. Vijiko viwili vya chai vinatosha kasha moja. Kurudisha ni kinyume chake: nasa kwanza ncha ya nje, kisha ingiza kwa kuzungusha.

Gia zipate grisi nyepesi. Mafuta ya cherehani ni ya ncha za mihimili, tone moja kila mahali.

"Sauti ikipanda na kushuka, springi imechoka."

Karibu kila mara kosa ni la gavana. Ina vizito vitatu vilivyofungwa kwenye vibapa vyembamba vya chuma. Mwendo ukizidi, vizito hutanuka na kuvuta kisahani, nacho kikasugua kipande cha ngozi au felti. Kipande hicho kikikauka, hulia na kushika kwa kurukaruka. Kiloweshe mafuta, au weka kipya. Kibapa kimoja kikivunjika, badilisha vyote vitatu kwa unene uleule, la sivyo gavana itayumba. Kabla ya kulegeza bushi zake (vishikio vya ncha za mhimili), zichore alama, kwa sababu matundu yake hayako katikati. Ukizizungusha kidogo tu, umebadilisha mshikano wa gia.

Mwendo wenyewe usiupime kwa sikio. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, teremsha sindano, hesabu mizunguko kwa dakika moja. Iwe 78. Pima sindano ikiwa chini, maana uzito wake hupunguza mwendo.

"Sauti ya kukwaruza ndiyo sauti yake ya asili."

Hii inasikitisha zaidi, maana watu huishi na mashine mbovu wakidhani babu zao walisikia hivyo. Gramafoni iliyo nzima hutoa sauti nene, iliyo wazi. Mkwaruzo hutoka kwenye kisanduku cha sauti, yaani kichwa kinachoshika sindano: kiwambo chake, kiwe cha ulanga au cha alumini, hushikwa pande zote na mpira ambao sasa umekuwa mgumu kama mfupa. Toa mpira wa zamani, weka mrija mwembamba mpya, ncha zake zikutane bila kupandana wala kuacha pengo. Skrubu zisiubonyeze ukalala, kiwambo kielee. Halafu angalia kijiti kinachoshika sindano: kabla hujafunga skrubu ya katikati, ncha yake iguse kiwambo tu, isikivute wala kukisukuma. Malizia kwa tone la nta hapo katikati. Kisha nyonya hewa taratibu kwenye shingo ya kisanduku na kuziba kwa ulimi. Ulimi ukishikwa kwa sekunde chache, hakivuji.

"Sindano ya chuma hudumu."

Sindano moja, upande mmoja wa santuri, kisha itupwe. Santuri za 78 zilitengenezwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo huinoa sindano mpaka iingie sawasawa kwenye mfereji. Ukiirudia, makali yaliyochongeka upande mmoja huanza kuuchimba mfereji wenyewe. Santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928 ni za aina hii. Ukiwa nayo, usiitumie kujaribia mashine ambayo bado haijafanyiwa kazi. Na usiisafishe kwa spiriti: spiriti huyeyusha lakiri. Maji ya vuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo, lebo ibaki kavu. Spiriti hiyohiyo huweza kung'oa polishi ya lakiri kwenye sanduku la mbao.

Santuri za plastiki za 33 na 45, zilizoanza kuuzwa 1948 na 1949, zisiwekwe humu kabisa. Kisanduku cha sauti hukandamiza kwa zaidi ya gramu 100, wakati mashine ya umeme ya kisasa hutumia gramu mbili au tatu. Mara moja tu inatosha kuiharibu.

"Chuma kilichopasuka kitaunganishwa kwa gundi."

Vipande vingi vya shingo ya mkono na mabano si chuma bali aloi ya zinki. Ikiwa na uchafu wa madini ya risasi, huvimba na kupasuka toka ndani, na gundi haiuzuii uvimbe. Usikilazimishe kutoka, tafuta kipande mbadala kwanza.

"Yenye pembe kubwa ya shaba ndiyo ya zamani zaidi."

Nyingi huunganishwa India kwa ajili ya watalii: sanduku jipya, pembe mpya inayong'aa, kibandiko cha mbwa wa kampuni ya santuri ya HMV, na ndani mota iliyotolewa kwenye gramafoni ndogo ya mkoba. Kabla ya kulipa, inua sahani uangalie mbao zake. Ukiona matundu ya skrubu yasiyo na kazi, mbao changa iliyopakwa rangi ya kuizeesha, na mkono uliochomelewa ovyo, bei iwe ya pambo.