Kwa nini seli nyekundu hupauka chuma kikipungua

Kwenye slaidi za damu tunazosoma hapa Dodoma, seli nyekundu ndogo, zilizopauka katikati, ni jambo la kawaida mno. Mwanafunzi yeyote atakwambia mgonjwa huyo huenda amepungukiwa madini ya chuma. Muulize kwa nini seli imekuwa ndogo, atajibu kuwa malighafi imekwisha. Jibu hilo linaacha nje sehemu ninayoipenda kuliko zote: seli yenyewe ndiyo iliyopunguza kazi, na aliyetoa amri ni kinasi.

Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kubadili utendaji wake. Mwilini tunazo zaidi ya 500. Nne kati yake hulinda seli wakati wa dhiki: PERK huona protini zilizokunjwa vibaya, PKR hushtushwa na virusi, GCN2 huhisi uhaba wa asidi amino, na HRI huangalia hemu, yaani sehemu yenye chuma inayoungana na protini ya globini kuunda himoglobini, kibeba oksijeni cha damu. Zote humalizia mahali pamoja, kwenye serini ya 51 ya protini iitwayo eIF2α. Fosfeti ikikaa hapo, utengenezaji wa protini nyingi hushuka.

HRI ndiyo inayotawala kwenye seli changa za damu. Hemu ikiwepo ya kutosha, huishika kinasi hiyo na kuituliza. Chuma kikipungua, hemu hupungua, HRI huamka na kupunguza utengenezaji wa globini. Ni busara kubwa, kwa sababu globini isiyo na hemu hugandamana na kuiharibu seli. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na HRI, wakinyimwa chuma, hawapati seli ndogo zilizopauka. Seli zao hubaki na ukubwa wa kawaida, lakini zimejaa madonge ya globini, idadi yake hushuka, na nyingine hufia kwenye uloto, yaani ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, kabla ya kukomaa.

Sasa njoo kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu hujikunja kama mundu. Mwaka 2018 watafiti wa Philadelphia walipoiondoa HRI kwenye seli za binadamu maabara, himoglobini ya kijusi (ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia kujikunja huko) iliongezeka, na seli za wenye selimundu zikapungua kujikunja. Habari hii ilinifurahisha sana. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa jijini hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, lakini tiba hiyo huhitaji mchangiaji anayelingana, na si kila mtoto anampata. Kidonge cha kuzuia HRI kingefika mbali zaidi.

Hata hivyo nina wasiwasi, na msingi wake ni panya wale wale. Nchini Tanzania zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Uwele na mtama, chakula chetu cha kila siku huku Ugogoni, vina fitati inayozuia chuma kufyonzwa, na minyoo ya safura hunyonya damu. Mtoto wa namna hiyo ukimzimia HRI, unamvua kinga anayoitegemea kila siku.

Kwa hiyo dawa za kuzuia HRI zikifikia kujaribiwa kwa watu, ningetaka kila mshiriki apimwe kwanza feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, pamoja na kipimo cha uchochezi (inflamesheni) mwilini, kwa kuwa malaria na maambukizi mengine hupandisha feritini hata chuma kikiwa kidogo. Aliyepungukiwa atibiwe chuma kabla ya kupewa dozi ya kwanza.