Waifai ya Nyumbani na Mashine za Gemu za Mkononi: Yanayosemwa Tabora na Yaliyo Kweli

Mashine nyingi za gemu za mkononi wanazochezea vijana wa Tabora, kuanzia Kanyenye na Isevya hadi Ng'ambo, zimefika kwa njia ya mtumba, na baadhi zina umri sawa na wenye kuzichezea. Mashine ya namna hiyo ikikataa kuunganishwa na waifai ya nyumbani, watu huamua haraka kwamba waifai yake imekufa, kisha hupelekewa fundi aifungue. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Yenyewe na ruta, yaani kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, zilitengenezwa kwa viwango vya nyakati tofauti, na hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapoanzia.

"Simu inaiona waifai, kwa hiyo na gemu lazima iione." Simu za sasa hutumia masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, ilhali mashine za zamani za Nintendo (DS na 3DS) na za Sony (PSP na PS Vita) hutumia 2.4 peke yake. Hotspoti ya simu ikiwa imewekwa kwenye gigahezi 5, mashine hizo hazitaiona hata zikilazwa kando ya simu yenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, chaguo la masafa limo ndani ya mipangilio ya hotspoti; kwenye iPhone 12 na zilizofuata, kuna swichi iliyoandikwa "Maximize Compatibility" ambayo huirudisha hotspoti kwenye 2.4. Zaidi ya hapo, DS na PSP zinatumia kiwango cha 802.11b cha mwaka 1999, chenye kasi isiyozidi megabiti 11 kwa sekunde, na ruta iliyopangwa kuhudumia vifaa vya viwango vipya tu haitaziitikia. Nintendo Switch iliyotoka mwaka 2017 inatumia masafa yote mawili, ingawa katika nyumba ya tofali za kuchoma, mchezaji akiwa chumba cha mwisho, 2.4 mara nyingi humfaa zaidi, kwa kuwa gigahezi 5 hupenya kuta kwa shida.

"Kila PSP ina waifai." Si kweli. PSP ya mfululizo wa E1000, iliyotangazwa mwaka 2011 kama toleo la bei nafuu, haina waifai hata kidogo, na hakuna fundi atakayeirudisha kwa sababu haikuwekwa. Mnunuzi aigeuze mashine na kusoma namba ya modeli kabla ya kutoa fedha. Akikuta PSP-E, ajue anachonunua. Kwenye PSP nyingine kuna swichi ndogo ya WLAN, yaani ya kuwasha na kuzima waifai, kwenye ganda la mashine, na watoto huisukuma bila kujua.

Dhana iliyo ngumu kuliko zote kuing'oa ni ile ya nenosiri: "Neno ni lilelile linalokubali kwenye simu, basi mashine ndiyo mbovu." Nenosiri peke yake halitoshi, ni lazima ruta na mashine zikubaliane kuhusu mfumo wa ulinzi ambao neno hilo linatumika ndani yake. DS ya awali na DS Lite zinaelewa mfumo wa WEP tu, au mtandao usio na nenosiri kabisa, wakati ruta za leo hutoka kiwandani zikiwa na WPA2 au WPA3, mifumo mipya na imara zaidi. Hata DSi na 3DS, ambazo zenyewe zinaelewa WPA2, hurudi kwenye WEP pale unapochomeka gemu la kawaida la DS, kwa sababu gemu hilo liliandikwa kwa maelekezo ya zamani. PSP iliongezewa WPA, mfumo uliotangulia WPA2, kwa sasisho la programu mwaka 2005, lakini ruta iliyofungwa kwenye WPA2 pekee bado huikataa; dawa yake ni kuchagua mchanganyiko wa WPA na WPA2, kama ruta inao, na ikiwezekana kufanya hivyo kwenye mtandao wa wageni, yaani mtandao wa pili ambao ruta huutenga kwa ajili ya wageni, badala ya mtandao mkuu wa nyumba.

Hapo hutolewa ushauri wa kijiweni kwamba uondoe nenosiri, au uirudishe ruta nzima kwenye WEP. Ushauri huo ni mbaya. Udhaifu wa WEP ulianikwa mwaka 2001 na watafiti Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, na kufikia mwaka 2007 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba ufunguo wake unaweza kupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Jirani atakula bando lako, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba simu zenye mambo yenu ya fedha zitakuwa kwenye mtandao huohuo uliolegezwa. Vilevile, faida yenyewe ni ndogo, kwani Nintendo ilizima huduma ya mtandaoni ya magemu ya DS tarehe 20 Mei 2014, na ya 3DS mwezi Aprili 2024. Seva za mashabiki, yaani huduma mbadala zinazoendeshwa na wachezaji wenyewe, zipo, lakini sioni sababu ya kuacha nyumba nzima wazi kwa ajili yake.

Kinachosahaulika ni kwamba wawili waliokaa pamoja hawahitaji ruta wala bando. DS mbili huwasiliana zenyewe kwa zenyewe, na PSP hufanya hivyo kwa hali iitwayo Ad Hoc, mradi gemu lenyewe liwe limetengenezewa hilo. Chini ya mwembe wowote wa Tabora, na miembe hapa haikosekani, mchezo unaendelea hata umeme ukiwa umekatika.

"Alama za mtandao zimejaa, kwa hiyo intaneti ipo." Alama hizo hupima nguvu ya mawimbi kati ya mashine na ruta tu. Bando likiisha, zitabaki zimejaa vilevile, na jaribio la muunganisho litashindwa. Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, fungua ukurasa mmoja kwenye simu iliyounganishwa na ruta hiyohiyo, data ya simu ikiwa imezimwa.

Kuhusu mashine za Japani au Marekani "kutokubali mtandao wa Tanzania", waifai haina uraia, isipokuwa mashine ya soko la Marekani huenda isione chaneli 12 na 13, ambazo ni vipande vya masafa ya 2.4. Weka ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Na kuficha jina la mtandao hakuzuii mwizi, bali humsumbua mwenye mashine.

Mwisho ni suala la bando. Wazazi wengi huamini kwamba kucheza mtandaoni ndiko kunakolimaliza, ilhali mchezo wenyewe hutuma taarifa ndogondogo. Kinacholimaliza ni kushusha magemu na masasisho, na gemu moja kubwa la Switch linaweza kuzidi GB 10. Switch iliyoachwa kwenye hali ya usingizi bila kuzimwa kabisa inaweza kushusha masasisho usiku ninyi mmelala, kwa hiyo nyumba inayotegemea vifurushi vya simu izime masasisho ya kiotomatiki kwenye mipangilio ya mashine.