Je, Wajua? Jinsi Umeme Mdogo Unavyouinua Mguu Usiosikia Amri ya Ubongo

Kaa kwenye kiti, kisha pitisha kidole upande wa nje wa goti lako. Ukishuka kidogo utagusa kinundu kigumu cha mfupa. Nyuma ya kinundu hicho, chini tu ya ngozi, inapita neva moja inayouzunguka mfupa kuelekea mbele ya muundi. Umewahi kukaa umekunja nne kwa muda mrefu, ukainuka ukakuta mguu umekufa ganzi na wayo hautaki kunyanyuka? Mara nyingi ni neva hiyo uliyokuwa umeikandamiza.

Kazi yake kubwa ni kupeleka amri ya kuinua wayo. Kila unapopiga hatua, msuli ulio mbele ya muundi huvuta wayo juu kidogo ili vidole visiguse chini. Hatuufikirii kabisa mvuto huo mpaka siku unapopotea.

Kwa watu wengi waliopatwa na kiharusi, huwa unapotea. Wayo unaning'inia, vidole vinaburura sakafuni, na ili asijikwae mtu huuzungusha mguu kwa pembeni kama anayefyeka majani, au hunyanyua nyonga nzima ili mguu upate nafasi ya kupita. Anachoka haraka. Zulia, kizingiti cha mlango, jiwe dogo tu njiani, vyote vinakuwa vitu vya kuogopwa. Hali hiyo huwapata pia baadhi ya watu walioumia uti wa mgongo, wenye mtindio wa ubongo, na wale ambao magonjwa yameharibu njia za neva ndani ya ubongo.

Mtu wa namna hiyo akibandikwa vipande viwili laini mguuni, vikaunganishwa na kifaa kidogo cha betri, wayo unaweza kuinuka papo hapo. Ikiwa mguu umepooza, nguvu hiyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye msuli wenyewe. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa nyumbani alifahamu. Kiharusi hutokea kichwani: sehemu ya ubongo hukosa damu au damu hufurika ndani yake, na seli zinazotuma amri zinakufa. Lakini neva inayotoka kwenye uti wa mgongo hadi mguuni haikuguswa, na msuli nao haukuguswa. Wote wawili wapo, wazima, wanangoja. Mjumbe ndiye aliyekwama njiani.

Umeme unachofanya ni kuanzisha ujumbe ule ule katika sehemu ya njia iliyobaki salama. Uzi wa neva ukiwa umetulia, upande wake wa ndani una chaji hasi zaidi kuliko wa nje, kwa tofauti ya takriban milivolti 70. Elektrodi, yaani kile kipande laini kinachopitisha umeme, ikiwekwa juu ya ngozi mahali neva inapopita, mkondo wake hupunguza tofauti hiyo. Ikishapungua kufikia kiwango fulani, vijilango vya kupitishia chembe za sodiamu kwenye ukuta wa uzi hufunguka kwa ghafla, na wimbi la umeme wa mwili wenyewe huanza kusafiri hadi kwenye msuli. Msuli hauna namna ya kutofautisha kama wimbi hilo lilianzia kichwani au chini ya goti. Unajikunja tu.

Ndiyo maana hauhitajiki umeme mkubwa. Neva huamka kwa urahisi kuliko msuli, hivyo kifaa huiamsha neva na kuiachia kazi iliyobaki. Kila pigo la umeme hudumu mikrosekunde 200 hadi 400, yaani halifiki hata nusu ya milisekunde, na mkondo wake kwa kawaida ni makumi ya miliampia. Mapigo hutolewa 20 hadi 50 kwa sekunde. Yakiwa machache mno, msuli unashtuka na kulegea, unashtuka na kulegea, ukabaki kutetemeka. Yakikaribiana vya kutosha, mishtuko inaungana na kuwa mvuto mmoja laini.

Kwamba umeme hushtua misuli si habari mpya. Luigi Galvani, mtafiti wa Bologna nchini Italia, alichapisha mwaka 1791 maelezo ya miguu ya vyura waliokufa iliyoruka ilipoguswa na umeme, na daktari Duchenne wa Ufaransa alitoa kitabu chake kuhusu kutia umeme kwenye misuli mwaka 1855. Lakini msuli kuruka ni jambo moja, na msuli kufanya kazi kwa wakati wake ni jingine. Wayo ukiinuka wakati uzito wa mwili uko juu yake, badala ya kusaidia utamwangusha mtu.

Waliovuka pengo hilo ni daktari Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani. Mwaka 1961 walieleza kifaa chenye swichi iliyokaa ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, swichi inawasha umeme na wayo unapanda. Kisigino kikikanyaga, umeme unazimika. Basi. Ni wazo rahisi mno, nami naliona kuwa miongoni mwa mawazo mazuri sana katika tiba nzima ya viungo, kwa sababu liliuachia mwendo wa mgonjwa mwenyewe useme ni lini. Katika mwendo wa kawaida, mguu huwa hewani kwa karibu asilimia 40 ya mzunguko wa hatua, muda usiofika nusu sekunde kwa mtu mzima mwenye afya. Umeme unatakiwa uingie na kutoka ndani ya upenyo huo. Mwaka uliofuata, 1962, watafiti Moe na Post waliipa njia hii jina linalotumika hadi leo, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita uchocheaji tendaji wa umeme: umeme unaochochea neva ili kitendo chenye manufaa kitendeke. Vifaa vingi vya sasa vimeacha swichi ya kiatuni na hutumia kihisi kinachopima jinsi muundi unavyoinama.

Mashine hiyo hupewa sifa zote, lakini ukitazama kikao cha kwanza utaona kwamba kazi kubwa iko kwenye vidole vya mtaalamu wa tiba ya viungo. Anapapasa kile kinundu cha mfupa, anabandika elektrodi moja nyuma yake kidogo, na nyingine mbele ya muundi penye nyama ya msuli. Anapandisha mkondo polepole. Kwanza mgonjwa, ikiwa bado ana hisia, anasikia kama sisimizi wanatambaa. Kisha kano zinachomoza juu ya wayo, chini ya ngozi, kama kamba zinazokazwa. Kidole gumba kinanyanyuka. Wayo unafuata, lakini umepinda, ukigeuzia nyayo ndani. Mtu akikanyaga hivyo atateguka kifundo.

Kosa ni la milimita chache. Karibu na hapo neva hugawanyika matawi mawili: moja huamuru misuli inayoinua wayo na kuuvuta kuelekea ndani, jingine ile inayougeuza nje. Ili wayo upande ukiwa sawa, yote mawili yaamshwe kwa kipimo. Mtaalamu anabandua, anasogeza kidogo, anajaribu tena. Anapopata, mara nyingi huzungushia alama ya kalamu kwenye ngozi ili mgonjwa na ndugu zake wapaone wakiwa nyumbani. Nusu saa inaweza kwisha katika kutafuta tu, na haijapotea bure.

Msuli unaoendeshwa hivi huchoka mapema. Mwili ukifanya kazi wenyewe, nyuzi za msuli hupokezana zamu: hizi zikivuta, zile zinapumzika. Umeme wa nje hauna hekima hiyo. Kila pigo linaamsha nyuzi zile zile, zote kwa pamoja, zikiwemo zile zenye nguvu nyingi na pumzi fupi. Kwa hiyo mazoezi huanza kwa dakika chache na kuongezwa taratibu.

Yupo pia mtu ambaye njia hii haimfai, na ni vema aambiwe mapema kuliko kupewa matumaini hewa. Neva yenyewe ikiwa imekufa, umeme hauna pa kuanzia. Polio, kwa mfano, huua seli za neva zilizo ndani ya uti wa mgongo ambazo huamuru misuli moja kwa moja. Neva iliyokatika kwa jeraha ni hivyo hivyo. Msuli wa namna hiyo unaweza kushtuliwa wenyewe bila neva, lakini huhitaji mapigo marefu mara mamia kuliko haya, na vifaa vya kawaida havitoi.

Tahadhari nyingine hazina mjadala mrefu: mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mjamzito, mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu au saratani mahali pa kubandika, wote wasijaribu bila daktari. Aliyeumia uti wa mgongo usawa wa kifua cha juu au shingo anaweza kupandwa na shinikizo la damu kwa ghafla, hata kufikia kiwango cha hatari, hivyo huangaliwa kwa karibu.

Je, umeme ukizimwa, kinabaki nini? Kwa wengine, hakibaki kitu: wayo hurudi kuning'inia, na kifaa kinakuwa kama miwani, unavaa asubuhi na kuvua usiku. Kwa wengine mwendo huwa bora hata kifaa kikiwa mezani. Maelezo ninayoyaona yana mashiko zaidi ni haya: ubongo ulioumia huimarisha njia zake mpya pale nia na tendo vinapotokea pamoja. Mgonjwa anapojitahidi kuinua wayo, na papo hapo umeme ukauinua kweli, na hisia za wayo ulioinuka zikarudi juu ubongoni, basi kile kilichokusudiwa na kilichotokea vimekutana. Kwa sababu hiyo mtaalamu mzuri hamwachi mgonjwa akae anatazama mguu ukicheza wenyewe. Anamwambia, "Inua nawe! Inua!" Vipo hata vifaa vya kuchochea mkono uliopooza vinavyosubiri hadi vihisi cheche ndogo ya juhudi ya mtu kwenye msuli ndipo vitoe umeme.

Nisiseme kupita kiasi. Majaribio yaliyolinganisha kifaa hiki na kishikizo cha plastiki kinachoushika wayo usining'inie yameona kasi ya kutembea ikikaribiana. Kishikizo hakina betri wala waya. Tofauti ni kwamba kinakifunga kifundo, ilhali umeme unakifanyisha kazi, na watu wengi huchagua kwa kuangalia jinsi wanavyojisikia wakitembea. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayotathmini tiba, iliona mwaka 2009 kwamba ushahidi wa usalama wake na wa kuboresha mwendo unatosha.

Kanuni hiyo hiyo imefika mbali na mguu. Kuna umeme unaofungua vidole vya mkono vilivyokunjamana, na unaoichochea neva ya kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ili mtu aliyepooza kuanzia shingoni apumue bila mashine. Mwaka 2016, katika Cybathlon, mashindano ya watu wenye ulemavu wanaosaidiwa na teknolojia, yaliyofanyika karibu na mji wa Zurich, Uswisi, watu wenye miguu iliyopooza walishindana kwa baiskeli, paja zao zikikanyaga pedali kwa mapigo yaliyopangwa.

Na mwaka 2017 watafiti wa Cleveland, Marekani, walieleza habari ya mwanamume aliyepooza kuanzia mabegani kushuka chini, miaka 8 baada ya ajali ya baiskeli. Walimwekea vihisi kwenye ubongo, na elektrodi 36 kwenye misuli ya mkono mmoja. Kwanza misuli ilifanyishwa mazoezi kwa umeme, kwa kuwa ilikuwa imesinyaa. Kisha kompyuta ikasoma nia yake na kuigeuza kuwa mapigo, ikiruka pale uti ulipoharibika. Mkono wake uliegemezwa kwenye kishikio chenye mota, maana bega halikuweza kuubeba. Akafikiria kunyoosha mkono, ukanyooka, akashika kikombe cha kahawa na kukileta mdomoni.