Ukucha Uliobadilika Rangi Si Lazima Uwe na Fangasi

Mtu akiona ukucha wa mguuni umegeuka manjano, wazo la kwanza ni fangasi na la pili ni dawa. Mimi ni daktari wa ngozi, na kucha ni sehemu ya kazi yangu ya kila siku. Wengi hunifikia wakiwa wameshapaka dawa ya fangasi kwa miezi, wengine wamemeza hata vidonge, na ukucha uko vilevile. Mara nyingi fangasi hakuwepo tangu mwanzo. Katika kucha zenye kasoro, fangasi huhusika na takriban nusu tu. Zilizobaki zimeharibiwa na viatu, rangi ya kucha, kuumia, umri, soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba) na mengineyo.

Rangi peke yake haitoshi kukupa jibu. Angalia kilichopo chini ya ukucha, kisha angalia doa linaelekea wapi miezi inavyopita.

Fangasi anayeongoza kwa kushambulia kucha za miguu ni Trichophyton rubrum, ambaye chakula chake ni keratini, yaani protini iliyojenga ukucha na tabaka la juu la ngozi. Kwa kawaida huanzia kwenye ngozi, katikati ya vidole au kwenye wayo, kisha hupenya chini ya ukucha kupitia ncha au pembeni. Kwa hiyo doa lake huanzia mbele na kurudi nyuma kuelekea kwenye shina. Ukilitazama kwa karibu utaona mpaka wake haukunyooka: kuna michirizi ya manjano au nyeupe iliyochongoka, kila mmoja umefika pake. Ukucha huwa mnene, hunyanyuka kutoka kwenye nyama, na chini yake hujaa unga mkavu unaomomonyoka ukiguswa na ncha ya mkasi. Unga huo ndio ninaoutafuta kwanza. Kisha namwomba mgonjwa avue viatu vyote viwili, hata kama amekuja kwa ajili ya kidole kimoja, maana wayo mkavu unaotoa magamba meupe kwenye mistari yake, au ngozi iliyolainika na kuchubuka kati ya kidole cha nne na cha mwisho, hunieleza mengi kuliko ukucha wenyewe.

Sasa chukua ukucha wa manjano wa mtu anayepaka rangi ya kucha mara kwa mara, hasa nyekundu au za giza. Rangi hizo huingia kwenye tabaka la juu na kuliachia umanjano uliosambaa sawasawa. Ukucha haujanenepa, haujanyanyuka, na chini yake ni safi. Hapo hakuna ugonjwa. Ukucha ukikua, umanjano husogea mbele na kukatwa. Rangi iliyokaa muda mrefu ikitolewa huweza pia kuacha mabaka meupe yanayokwaruza, kwa sababu imebandua chembe za juu za ukucha. Haya huwatisha watu sana, na kwa haki, kwani ipo aina ya fangasi anayekaa juu ya ukucha na kuacha weupe wa kukwanguka unaofanana nayo mno. Kama kucha zako zilikuwa na rangi hadi juzi, zipumzishe. Weupe ukiendelea kuenea ilhali hujapaka chochote, pima.

Damu iliyovilia nayo ina tabia yake. Huwa nyekundu iliyoiva, zambarau au nyeusi, na mara nyingi mtu hakumbuki kuumia, kwa sababu kiatu kinachobana kwenye mwendo mrefu kinatosha kuivilisha. Doa la damu husafiri na ukucha: baada ya muda unaona sehemu safi ikijitokeza nyuma yake. Ila uwe na subira, kwa kuwa ukucha wa mguu hukua kama milimita 1.5 tu kwa mwezi, na wa kidole gumba huhitaji miezi 12 hadi 18 kujibadilisha wote. Piga picha mara moja kwa mwezi, pembe ileile, mwanga uleule. Macho husahau upesi.

Viatu hutuchanganya hata sisi madaktari. Ukucha unaogongwa na kiatu kwa miaka hunenepa, hugeuka manjano na kunyanyuka, karibu sawa na fangasi. Dokezo ni kwamba mara nyingi miguu yote miwili huathirika mahali palepale, vidole gumba vyote au vidole vidogo vyote, na ngozi ya wayo haina kitu. Ukucha ulionyanyuka hivyo ukikaa na unyevu, bakteria wa Pseudomonas huweza kuingia na kuupaka kijani. Dawa ya fangasi haiwagusi hao.

Kuna rangi moja ambayo sipendi mtu aisubirie nyumbani. Watu wenye ngozi nyeusi wengi huwa na mistari ya kahawia inayotoka kwenye shina hadi kwenye ncha, kwenye kucha kadhaa, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hiyo ni melanini ya kawaida, yaani rangi ya asili ya ngozi. Lakini mstari uliojitokeza kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka, wenye kingo zisizo sawa, au rangi inayovuka na kuingia kwenye ngozi inayozunguka ukucha, lazima uonekane na daktari bila kuchelewa, kwa kuwa huenda ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Bob Marley aligunduliwa saratani hiyo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na ilimuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Nikishuku fangasi, sianzi na dawa bali na kipimo. Nakata sehemu iliyooza na kuchukua unga ulio nyuma kabisa, karibu na mpaka wa sehemu ya ukucha isiyougua, kwa sababu huko ndiko fangasi aliko hai. Vipande vya ncha peke yake huleta majibu ya uongo. Hadubini huweza kutoa jibu mapema, kumwotesha fangasi maabara huchukua hadi wiki nne. Kama umekuwa ukipaka dawa, mwambie daktari, maana inaweza kumficha fangasi. Na jibu hasi la kwanza halifungi mjadala ikiwa dalili zote zipo: narudia.

Nasisitiza kipimo kwa sababu tiba yenyewe si ndogo. Terbinafini, kidonge cha kuua fangasi, miligramu 250 kwa siku, humezwa kwa wiki 12, na kabla yake ini hupimwa na dawa nyingine unazotumia huangaliwa. Mwenye kisukari, mzunguko duni wa damu miguuni au kinga iliyoshuka aje mapema, na asijichokonoe kucha kwa wembe, kwani kidonda kidogo kwake huweza kuwa kikubwa. Vidonge vikiisha, ukucha bado utaonekana mbaya. Tazama shina: ukucha mpya ukitoka safi na mpaka wake na sehemu mbovu ukazidi kusogea mbele, dawa imefanya kazi, na kilichobaki ni kuusubiri ukue.