Akili ya mtoto haichoki kwa kusoma ya mbele

Hapa Dar tumekua tukiambiwa kwamba mtoto akisoma mapema ya madarasa ya juu, akili itachoka na ukubwani atafifia. Si kweli. Mwaka 1971 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza kuwafuatilia watoto wenye kipaji kikubwa cha hesabu. Miongo ikapita, waliorushwa madarasa hawakufifia, na wengi walifika mbali.

Binti yangu anasomea nyumbani, hapa Tabata, ana miaka 9. Nikimpa kugawanya kwa tarakimu moja, anachorachora maua pembeni mwa daftari. Nikimpa mlinganyo wenye x, anainama hadi chai inapoa. Kinachomchosha ni kurudia anachokijua tayari, na inaniuma kuona watoto wa namna hii wakizuiwa kwa hofu tu.

Njia zipo. Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, ina sehemu ya watoto. Mitihani ya Cambridge, ile ya kimataifa kutoka Uingereza, haina kikomo cha umri, na hupokea watahiniwa binafsi kupitia vituo vilivyosajiliwa. Kwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, Mtihani wa Maarifa (QT) humfungulia asiyepitia kidato cha pili mlango wa kufanya wa kidato cha nne. Ila uliza kituoni mapema, maana usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani.