Stelingi anakimbia, fidla zinahesabu sekunde

Ukimwona stelingi anafukuzwa juu ya mapaa na okestra nzima inamkimbiza kwa nyuma, ni rahisi kuamini kwamba mtunzi alipandwa na mori tu, akaandika. Wengi pia hudhani muziki ulitangulia, picha zikakatwa kuufuata.

Kwa kawaida ni kinyume. Mhariri hukata tukio kwanza, kisha mwongozaji na mtunzi huketi kuliangalia na kukubaliana muziki uingie wapi, unyamaze wapi. Mara nyingi mhariri huwa ameshabandika muziki wa muda, uliochotwa kwenye filamu nyingine, na mwongozaji ameusikia mpaka umemkaa kichwani. Hapo mtunzi ana kazi mbili: kutunga, na kumsahaulisha bosi ule wa kwanza. Nadhani ndiyo maana filamu nyingi za mapigano zinalia sauti moja.

Kuna siku kanuni hii ilivunjwa. Wakirekodi muziki wa sehemu ya mwisho ya filamu ya E.T. (1982), yenye baiskeli zinazofukuzwa, mtunzi John Williams alishindwa kuibana okestra ifuate picha bila kupoteza hisia. Mwongozaji Steven Spielberg akaizima picha, akamwambia aongoze anavyojisikia, kisha filamu ikakatwa upya ifuate muziki. Upendeleo huo si wa kila mtunzi.

Dhana ninayoipenda zaidi kuibomoa ni kwamba muziki wa mapigano ni kupiga haraka haraka tu. Tuseme ngumi inamfikia stelingi sekunde ya 37 tangu muziki uanze. Mtunzi amechagua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde, sawa na fremu (picha moja moja za filamu) 12 kwenye filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Hadi sekunde ya 37 yameshapita mapigo 74. Yapange manne manne, pigo la kwanza la kila kikundi ndilo zito: unapata vikundi 18, mawili yanabaki. Kwa hiyo ngumi inatua katikati ya kikundi, mahali pasipo na uzito huo. Afanyeje? Anaweza kupunguza mwendo hadi karibu 117, ngumi ikaangukia mwanzo wa kikundi cha 19. Au auache mwendo kama ulivyo, achomeke njiani kikundi kimoja cha mapigo mawili. Mimi ningechukua njia hii ya pili, kwa sababu msikilizaji hujihisi kama mtu aliyekosa kukanyaga ngazi gizani, na hajui kilichomshtua. Ila si kila ngumi hupewa pigo lake. Ukifanya hivyo umetengeneza katuni.

Halafu kuna wanaoamini kwamba okestra ikipiga kwa nguvu zaidi, tukio linatisha zaidi. Injini, risasi na milipuko hukaa kwenye sauti zilezile nzito za besi, tromboni na ngoma kubwa. Vikigombana, mara nyingi anayeshushwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti ni muziki. Mtunzi mjanja huzipandisha fidla juu, ambako ngurumo haizifikii, au huacha pengo mlipuko upite. Mtunzi Lalo Schifrin alikwenda mbali zaidi kwenye filamu ya Bullitt ya 1968: magari mawili yanapowindana polepole mitaani San Francisco muziki upo, tena unapanda, lakini tairi zikianza kulia na mbio kuanza kweli, unakatika. Kinachobaki ni injini peke yake, dakika baada ya dakika. (Sisi tuliokulia banda umiza, sauti ya mtafsiri ikifunika kila kitu, hata hizo fidla hatukujua kama zipo.)

Na mtunzi kuandika kila noti ya kila chombo peke yake? Wapo wachache wanaofanya hivyo. Wengi hutoa rasimu, kisha msaidizi mwenye ujuzi wa okestra hugawa nani apige nini. Kwenye Star Wars ya 1977 kazi hiyo ilifanywa zaidi na Herbert Spencer, akifuata rasimu za Williams zilizojaa maelezo.

Mazoezi ya wiki nzima nayo hayapo. Wapigaji wa studio za London mara nyingi huikuta karatasi imewekwa mbele yao asubuhi ileile. Wanavaa hedifoni, tik-tik ya mwendo inaanza sikioni, na wanasoma moja kwa moja, vikundi vya mapigo mawili na vyote. Huenda jaribio la pili au la tatu ndilo utakalolisikia sinema.